Sikio la Sauti Moja

Wapo malenga wenzetu wanaoshikilia kwamba wimbo hauna hatia. Kwamba auaye ni mwenye panga, si mwenye kinanda. Hoja hii ni tamu, lakini ni ya uongo.

Desemba 2008, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu mtunzi na mwimbaji Simon Bikindi kifungo cha miaka 15. Tusipotoshe: hakufungwa kwa nyimbo. Alifungwa kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani, Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe. Kuhusu nyimbo, majaji waliona kuwa mbili alizitunga ili kueneza chuki ya kikabila, na kwamba mwaka 1994 zilitumika kuchochea mauaji. Ila haikuthibitika kuwa alizitunga kwa nia ya kuua. Sheria ikaishia hapo. Inapoishia sheria, dhamiri ya mshairi ndiyo kwanza inaanza kazi.

Kwani wimbo ule ulipata wapi nguvu? Rwanda iliishi chini ya chama kimoja hadi 1991. Redio RTLM ilipoanza 1993, kwa muziki na mizaha, ilikuta sikio lililokwisha kufunzwa kuamini kila kitokacho redioni. Chama kimoja kilikwisha; sikio la sauti moja likabaki. Kenya nayo iliingia vyama vingi 1991, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100, huku baadhi ya redio za lugha za kikabila zikilaumiwa kwa uchochezi. Sisi wa Turwa, hapa Tarime, hatukuhitaji kusimuliwa: mpaka wa Sirari hauko mbali, na mawimbi ya redio hayaonyeshi pasipoti.

Nanyi wa visiwani msiseme haya ni ya bara. Wazee wenu wanaikumbuka sauti ya John Okello redioni, Januari 1964, ikitangaza vitisho vya kifo.

Nami sijitoi. Shuleni, miaka ya 1980, nilighani ngonjera za kukisifu Chama. Hazikumwua mtu, lakini zilinizoesha kuitikia kabla ya kufikiri, na aliyezoea hivyo huitikia lolote.

Wengine watasema dawa ni kufunga redio. La! Hiyo ni kurudi kwenye sauti moja ile ile. Dawa ni tungo zinazomlazimu msikilizaji kuuliza, na malenga wa kukataa kutunga anapoagizwa chuki. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.