Kimwani Si Kiswahili Kilichoharibika

Keti barazani Mtwara au Mikindani, mtaje mtu wa Mocímboa da Praia, Msumbiji, na hutakosa wa kukwambia: "Aa, wale Waswahili wenzetu, ila Kiswahili chao kimeharibika." Husemwa kwa upole, mara nyingi kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyoifanya kauli hii idumu bila kuulizwa. Mimi naikataa, pamoja na mapenzi yake.

Kwetu mwani ni ule unaoanikwa Paje na Jambiani. Kwao mwani ni pwani yenyewe, na Kimwani ni lugha ya watu wa pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na visiwa vya Quirimbas: Mocímboa, Ibo, Quissanga, hadi Pemba ya Msumbiji. Upande wa Palma kuna Kimakwe, lugha nyingine tena, ambayo Maud Devos aliichapishia sarufi nzima mwaka 2008. Mtu wa Tanga akiwasikia wazee wa Ibo wakisemezana atadaka maneno mengi, lakini mazungumzo yatampita. Wanaisimu wamebishana sana kuhusu nasaba ya lugha hii, kama ni ndugu wa Kiswahili kwa kuzaliwa au ni lugha ya kusini iliyoishi na Kiswahili karne nyingi hadi ikafanana nacho. Thilo Schadeberg aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1994, na mjadala haujafungwa. Lakini neno "kuharibika" si hoja ya isimu. Ni neno la mwenye nyumba anayemhukumu mpangaji.

Na nyumba yenyewe ina umri gani? Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi mwaka 1930. Ibo ilikuwa imepewa hadhi ya mji na Wareno tangu 1761. Karne mbili kabla ya hapo, visiwa hivyo vilijulikana kwa jina la nguo yake, nguo ya Maluane, iliyofumwa huko huko na kutiwa nili. Wafumaji wale walikuwa na lugha ya kupatana bei, kuoza mabinti na kuzika. Hawakuivunja kutoka kwenye kamusi ambayo haikuwapo.

Ushahidi unaonizuia kunyamaza uko Maputo, katika Arquivo Histórico de Moçambique. Humo zimehifadhiwa barua za karne ya 19 ambazo masheikh na masultani wa kaskazini waliwaandikia watawala wa Kireno, nyingi kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mwanahistoria wa Msumbiji Chapane Mutiua na mwenzake Liazzat Bonate wamezifanyia kazi kwa miaka. Hebu zitafakari. Sheikh wa pwani ana jambo na gavana, anachukua kalamu, anaandika Kiswahili cha barua, chenye salamu na adabu zake zote. Kisha anaweka kalamu na kuzungumza na watu wake kwa lugha ya kwao. Mtu huyo hakuharibu lugha yoyote. Alikuwa na lugha mbili na alijua kila moja ina mahali pake, kama vile sisi leo tunavyoandika barua ya ofisini kwa namna moja na kuzungumza na bibi kwa namna nyingine. Waliochanganyikiwa ni sisi tuliokuja baadaye tukadhani lugha ya barua ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

Wareno nao walikuwa na neno lao: dialecto, yaani lahaja. Chini ya utawala wao lugha zote za Waafrika zilikuwa dialecto, na aliyetaka cheo cha assimilado, Mwafrika aliyehesabiwa raia, ilimbidi athibitishe kwamba anajua Kireno. Mfumo huo wa indigenato, uliowatenga "wenyeji" na raia, ulifutwa mwaka 1961, lakini neno lilibaki midomoni mwa watu, hata mwa Waafrika wenyewe. Kwa hiyo Mmwani amebanwa pande mbili: kusini anaambiwa lugha yake si lugha, kaskazini anaambiwa ni yetu, ila mbovu. Katiba ya Msumbiji, kifungu cha 9, inazithamini lugha za taifa kama urithi, na elimu ya lugha mbili ilianza shuleni mwaka 2003. Ni hatua njema, lakini sheria haifundishi mtoto ambaye shule yake imechomwa.

Maana tunayajadili haya wakati wa vita. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa ilipovamiwa, watu wa pwani hii wametawanyika. Mwaka 2020 majahazi yaliyojaa familia yalikuwa yakitia nanga ufukwe wa Paquitequete, Pemba. Wengine wamepelekwa bara, kwenye vijiji ambako watoto wao wanakulia katika Kimakhuwa. Mmwani anayezungumza lugha yake kwenye kizuizi cha barabarani anaweza kutazamwa kama mshukiwa. Na huko rasi ya Afungi, karibu na Palma, kwa ajili ya mradi wa gesi, wanakijiji wa Quitupo wamehamishiwa Quitunda. Wavuvi wamepewa nyumba na wakaachanishwa na bahari yao. Lugha ya bahari hubaki wapi mtu anapoondolewa baharini? Majina ya miamba, ya pepo, ya maji yanapokupwa na kujaa, hayahamishwi kwa lori.

Sasa nisikilizeni vizuri, enyi mnaowaita Wamwani "wenzetu". Palma iliposhambuliwa Machi 2021, watu walikimbilia mto Ruvuma, mpakani na Tanzania. Mwaka huo huo UNHCR ilitangaza hadharani kwamba maelfu ya waliovuka kuja Tanzania walirudishwa Msumbiji. Tuliwadai ndugu kwenye lugha, na mlangoni wakawa wageni.

Nitajibiwa kwamba wapo Wamwani wanaosema wenyewe, "sisi Waswahili." Wapo, na wana haki. Anayejiita Mswahili kwa hiari yake anajieleza. Anayemwita mwenzake Mswahili mbovu anamfuta.

Mpaka uliochorwa na wageni hukata watu kwingine pia: Wakumeyaay, wenyeji wa asili wa San Diego na Baja California, walikatwa katikati na mpaka wa Marekani na Mexico uliochorwa 1848. Mwaka 2020 walisimama kupinga ukuta uliokuwa ukijengwa juu ya ardhi ya makaburi ya wahenga wao. Ruvuma nayo ni mpaka uliochorwa na wageni, na mwaka 1887 Ureno iliiteka ghuba ya Tungi, ilipo Palma, kutoka mikononi mwa Zanzibar bila mtu wa Tungi kuulizwa.

Kila tarehe 7 Julai tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka ujao, vyuo vyetu vinavyofundisha Kiswahili vimwalike mzee wa Ibo au Quissanga aketi mbele, azungumze Kimwani chake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na tuwe na mkalimani. Zile barua za Maputo nazo zisomwe na vijana wa Paquitequete, maana zimeandikwa na babu zao.