VIDUDE VYA KUPUNGUZA PETROLI: MIZANI IKO WAPI?



Hakuna mtu katika visiwa hivi asiyeguswa na bei ya petroli. Asiyekuwa na gari hulipa nauli. Na asiyelipa nauli hula samaki aliyeletwa na boti ya mashine, na mchele uliobebwa na gari. Petroli ikipanda, kila kitu hupanda nayo, na mwenye kipato kidogo ndiye wa kwanza kuumia na wa mwisho kupoa. Kwa sababu hiyo leo twaandika juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni hivi vidude vinavyouzwa mikononi na kutangazwa katika simu, ambavyo wauzaji wake huapa kwamba vitapunguza matumizi ya petroli kwa robo, kwa thuluthi, hata kwa nusu.

Twasema wazi, wala hatuyamung'unyi maneno: hiyo ni hadaa. Nayo ni mbaya kuliko hadaa nyingi nyengine, kwa kuwa haimfuati tajiri. Tajiri petroli haimkoseshi usingizi. Humfuata dereva wa daladala, mvuvi na kijana wa bodaboda, watu ambao fedha ya kidude hicho ndiyo fedha ya chakula cha nyumbani.

Sisi tunaokaa nyuma ya meza ya duka twajua kanuni moja iliyo kongwe kuliko serikali zote: auzaye sukari kwa haki haogopi mizani. Huiweka mbele ya mnunuzi, si chini ya meza. Basi twauliza: hawa wauzaji wa vidude, mizani yao iko wapi?

Kwanza tuvitazame vidude vyenyewe. Kipo kipande cha sumaku kinachofungwa juu ya bomba la petroli, na huambiwa mnunuzi kwamba kitazipanga chembe za petroli zipate kuungua vizuri. Petroli si chuma. Sumaku haina athari ya maana juu yake. Vipo vidonge vya kutiwa katika tangi. Kipo chombo cha maji chenye waya za betri, kinachosemwa kwamba hutoa gesi ya kuisaidia injini. Na siku hizi kimezuka kijisanduku kinachochomekwa katika tundu la uchunguzi chini ya usukani. Wajuzi waliovifungua visanduku vya namna hiyo walikuta ndani mwake taa zinazomweka-mweka, na wala hapana njia yoyote ya kuiamrisha injini. Mnunuzi amenunua taa.

Vingi vya vidude hivi vyasimama juu ya dai moja, nalo ni kwamba petroli nyingi hutoka nje bila ya kuungua, na kidude kitaiunguza. Dai hili ni uwongo. Injini ya kisasa iliyo nzima huunguza petroli yake karibu yote, kiasi cha 98 kwa mia na zaidi. Ni kweli kwamba nguvu nyingi hupotea, bali hupotea kwa njia ya joto, katika moshi na katika maji ya rejeta, baada ya petroli kwisha kuungua. Basi hata kama kidude kingeliweza kuunguza kila tone lililobaki, kingeliokoa nini? Sehemu moja au mbili katika mia. Robo na nusu wanazotuahidi zitatoka wapi?

Ama wale wa maji, hao ndio vinara wa ghururi. Maji ni jivu la haidrojeni iliyokwisha ungua. Kuyarejesha maji yawe gesi ya kuungua hutaka nguvu. Nguvu hiyo hutoka katika betri. Betri hujazwa na injini. Na injini hula petroli. Kila hatua ya mzunguko huo hupoteza kitu. Nani kati yetu amewahi kuona mpishi anayepikia jivu, akadai kwamba kuni zake zinaongezeka?

Na wala msidhani kwamba mambo haya ni mapya. Mwaka 1916, katika mji wa Farmingdale karibu na New York, mtu aitwaye Louis Enricht aliwaita waandishi wa khabari, akatia maji na dawa yake ndani ya tangi la gari, na gari likaenda. Wakubwa wenye mali walimkimbilia. Siri yake haikuwafaa kitu, na mwisho wake yeye mwenyewe alifungwa kwa udanganyifu. Miaka 80 baadaye, mwaka 1996, mahakama ya jimbo la Ohio ilimkabili Stanley Meyer, aliyedai kuwa na gari liendalo kwa maji. Wataalamu walikikagua chombo chake na hawakuona ndani yake muujiza wowote. Mahakama ikaamua kwamba ni udanganyifu mkubwa, na ikamwamuru awarejeshee fedha zao watu wawili waliomwamini. Mwaka huo huo wa 1996, kule Tamil Nadu, Uhindi, alitokea Ramar Pillai na majani yake ya kugeuza maji kuwa petroli. Magazeti yalimpamba kweli kweli. Baadaye ilidhihiri kwamba alichokuwa akiuza ni mchanganyiko wa mafuta yale yale yanayotoka viwandani, na mwaka 2016 mahakama ya Chennai ilimhukumu kifungo cha miaka 3.

Na vidonge navyo vina kisa chao. Mwaka 2006 Mwanasheria Mkuu wa Texas aliishitaki kampuni moja iliyouza vidonge vya kupunguza petroli, huku ikiwataka wanunuzi wawaingize wenzao ili nao wapate faida. Vidonge vilipopimwa vilionekana kuwa ni naftalini, vile vidonge vyeupe tunavyoweka kabatini kufukuza nondo! Tunavyo madukani mwetu, na hatujapata kumwambia mtu avitie katika tangi la gari.

Tazameni pia nyakati zake. Bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne baina ya Oktoba 1973 na mwanzo wa 1974, vidude hivi vilizagaa Marekani hata sheria ikaiagiza idara ya mazingira ya nchi hiyo ivipime. Idara hiyo imevichunguza zaidi ya 100. Vichache mno vilionekana kuleta nafuu, nayo ilikuwa ndogo. Na baadhi ya hivyo vichache vilizidisha moshi mchafu. Hakuna hata kimoja kilichopunguza petroli kwa kiasi kikubwa. Hiyo ndiyo mizani, na hayo ndiyo majibu yake.

Sasa atauliza mwenye kuuliza: Ikiwa ni uwongo, mbona watu wanaendelea kununua? Je, watu ni wajinga? Hasha! Hatumtukani aliyeibiwa. Sababu ziko nne, na kila mmoja wetu na azijue.

Ya kwanza ni dhiki. Mfa maji haachi kutapatapa, na anayeona kipato chake kinaishia katika tangi hushika lolote linaloelea. Ayari anajua hivyo. Kwa hiyo hutokea pale bei inapopanda.

Ya pili ni kwamba mnunuzi hujifanya shahidi wa uwongo bila ya kukusudia. Mtu akishafunga kidude, hutazama mshale wa petroli kila saa, hukanyaga mafuta kwa upole, wala hafungi breki kwa ghafula. Petroli hupungua kutumika kweli! Wizara ya nishati ya Marekani inasema kwamba uendeshaji wa pupa katika barabara za mjini, za kusimama na kuondoka, huweza kupunguza mwendo wa kila galoni kwa 10 hadi 40 katika mia. Linganisheni kiasi hicho na kile anachokiahidi muuza kidude. Ni kile kile! Mguu wa dereva ndio uliookoa petroli, na sifa imechukuliwa na kipande cha sumaku. Kisha dereva huyo, kwa nia safi kabisa, huwaambia wenzake kituoni: mimi nimekijaribu, kinafanya kazi. Hapana tangazo lenye nguvu kuliko hilo.

Ya tatu ni haya. Aliyegundua kwamba ameghilibiwa hunyamaza, asije akachekwa. Ayari huahidi kurejesha fedha kwa asiyeridhika, akijua vyema kwamba wachache watarudi kudai, na wanaorudi hawatamkuta. Kwa hivyo walioridhika husema kwa sauti, na walioibiwa hunung'unika moyoni, na soko husikia upande mmoja tu.

Ya nne ndiyo inayotukhusu sisi wasomaji wa ukurasa huu khasa, nasi twaomba isomwe kwa utulivu. Muuza kidude akishindwa kwa hoja, hutoa silaha yake ya mwisho. Husema: makampuni makubwa ya mafuta yanaificha siri hii, wakubwa hawataki mnyonge aijue. Nasi tuliozoea kuwashuku wakubwa, na mara nyingi kwa haki, masikio hutusimama. Huona kwamba kumwamini ayari ni sehemu ya ushujaa wetu.

Lakini tuipime na hoja hii. Katika miaka ya 1930 Charles Nelson Pogue wa Kanada alipata hataza za kabureta ambayo ilisemwa kwamba ingeliendesha gari maili 200 kwa galoni moja. Mpaka leo wapo wanaosimulia kwamba siri yake ilizikwa. Ilizikwa vipi? Hataza ni waraka wa hadharani, wenye maelezo na michoro. Ya mwisho katika hizo ilitolewa mwaka 1936, na ulinzi wa hataza Marekani wakati ule ulikuwa wa miaka 17. Tangu mwaka 1953 kila fundi duniani yu huru kuiunda na kuiuza. Mbona hayuko aliyefanikiwa?

Na tuendelee. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari wafikie wastani wa maili 27.5 kwa galoni ifikapo mwaka 1985, na asiyefikia atozwe faini. Watengenezaji hao walibadilisha injini, wakapunguza uzito wa magari na wakatumia fedha nyingi mno. Je, watu hao wangeliacha kununua kipande cha sumaku cha bei ya kilo mbili za nyama, lau kama kingeliwatimizia sheria? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nafuu ya kweli iliundwa kwa jasho la mafundi, haikutoka katika kifuko cha mchuuzi.

Kumshuku mkubwa ni haki ya raia. Bali shaka isiyopima humwacha mtu mikononi mwa ayari mwengine, na huyo wa pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa huja na sura ya rafiki. Anayestahiki kuitwa macho ni yule anayewataka wote wawili waweke mizani mezani, mkubwa na mchuuzi.

Wala mtu asijione kwamba elimu au cheo vitamkinga. Baina ya mwaka 1975 na 1979 kampuni kubwa ya mafuta ya Ufaransa, Elf, ilitoa mamia ya milioni ya faranga kwa watu wawili waliodai kuwa na mtambo wa kugundua mafuta ardhini kutoka ndani ya ndege. Mtambo ulikuwa wa uwongo. Wakuu waliifunika siri hiyo kwa haya, mpaka gazeti moja la Paris lilipoifichua mwaka 1983. Ikiwa wenye mafuta wenyewe walighilibiwa juu ya mafuta, nani atamcheka dereva wa bodaboda?

Basi rai yetu ni hii. Akija mtu na kidude, asibishiwe kwa matusi, aambiwe: tupime. Gari liwe moja, njia iwe moja, mzigo uwe mmoja, na petroli ipimwe kwa kipimo cha haki. Siku nyengine kidude kifungwe, siku nyengine kifunguliwe, na dereva asijue ni siku gani. Ifanywe hivyo siku nyingi, si siku moja. Mkweli atakubali. Ayari atakumbuka kwamba ana safari.

Na anayetaka kupunguza petroli bila ya kununua kitu, na ajaze upepo wa magurudumu kama inavyotakikana, ashushe mzigo asiouhitaji, azime injini anapongoja kwa muda mrefu, na akanyage mafuta kwa upole. Hayo hayana taa zinazomweka-mweka, lakini yamepimwa.

La mwisho, twawaambia walioibiwa: semeni! Haya si yenu, ni ya aliyewaibia. Kila anayesema kituoni, sokoni na bandarini kwamba “nilinunua na hakikufaa,” amemwokoa jirani yake na khasara. Ayari anaishi kwa kimya chetu. Tukikiondoa, na tukaiweka mizani mezani, hatakuwa na la kuuza.