Ua la Kwetu Chini ya Mwembe Wetu

Kila ikikaribia siku ya wazazi tunatumwa kupanda nyasi chini ya ule mwembe mkubwa, na kila mwaka nyasi zinakufa. Lawama huwaangukia wanafunzi wageni, ati hawakumwagilia. Wanaonewa bure! Nyasi zataka jua, na pale jua halifiki.

Maoni yangu ni kuwa tupande lile ua fupi la zambarau ambalo Waingereza huliita violeti ya Afrika. Mmea wenyewe ni kama shubiri moja tu, majani yake yana vinyweleo kama mahameli, huishi miaka mingi, na kivuli ndiyo raha yake. Mtasema, si hilo ni la madirishani kwa Wazungu? Ndilo. Lakini wao walilitoa wapi? Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata upande wa Tanga akalipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Tena lina ndugu yake Kenya hii hii, anayeota kwenye nyufa za mawe ya chokaa kule Chasimba, Kaunti ya Kilifi. Joto la pwani amelizoea tangu jadi.

Huyo wa Chasimba yumo hatarini kutoweka, maana misitu inakatwa na miamba inachimbwa. Kwa hivyo tafadhali, asije mtu akasema twende na jembe tukamng'oe! Hakuna haja. Tununue chungu kimoja kwa wauza miche, tuchume jani pamoja na kikonyo chake, tukichomeke kikonyo kwenye udongo mwepesi wenye unyevu. Baada ya miezi miwili hivi vitoto vitaanza kuchungulia. Jani moja, miche kadhaa. Si mchezo!

Taabu iko kwenye maji. Visima vingi huku vina chumvi, basi tukinge ya mvua kwenye mapipa. Yamwagwe shinani, kwani majani yakirowa hupata madoa, na udongo ukijaa maji mizizi huoza. Wengi hulimaliza ua hili kwa huruma. Halafu mchanga wetu wa Utange peke yake hautoshi, lazima uchanganywe na mboji ya majani makavu. Nayo majani hayo, jamani, ndiyo tunayoyachoma kila Ijumaa jioni!

Rafiki yangu mmoja alinicheka. "Maua hayaliwi, bora sukumawiki." Sukumawiki nayo yataka jua, bwana. Pale mwembeni atavuna nini?

Mimi nina miche sita nyumbani kwenye makopo ya rangi. Mwalimu mlezi wa chama akiniruhusu, nitaileta muhula ujao, mradi msimu wa maembe ukifika mtu asirushe mawe pale.