Msiwadanganye Wanafunzi, Takwimu za Hazina Zipo

Kuna imani iliyoota mizizi katika vyuo vyetu vikuu kwamba mwanafunzi hawezi kutafiti hesabu za serikali ya Kenya za miaka thelathini au arobaini kwa kuwa Hazina Kuu imezificha. Wahadhiri wanaisema darasani, wanafunzi wanaiandika kwenye tasnifu chini ya changamoto za utafiti, na mtahini anaipitisha bila swali. Huo ni uvivu uliovikwa joho la uanaharakati.

Ripoti ya hali ya uchumi hutoka kila mwaka, na imetoka hivyo kwa miongo mingi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huchapisha ripoti zake, Msimamizi wa Bajeti naye hutoa za kila robo mwaka. Kinachokosekana ni mtu wa kumketisha kijana na kumwonyesha zinavyosomwa.

Chukua matoleo mawili ya ripoti ya hali ya uchumi yanayofuatana, utafute jedwali la mapato na matumizi ya serikali kuu. Mwaka wa mwisho katika toleo la kwanza una kinyota: ni takwimu ya muda. Fungua toleo linalofuata, uone mwaka uleule, mstari uleule, tarakimu nyingine. Asiyeelekezwa huchota mwaka mmoja katika kila toleo, akaunganisha, kisha akashangaa mbona jumla hazioani. Hapo ndipo utasikia, "Serikali inapika takwimu." Angeanza na toleo jipya kabisa na kurudi nyuma, kila mwaka akichukua tarakimu iliyochapishwa mwisho, angejiokolea usiku mwingi.

Akifika miaka ya 1980 anakutana na pauni ya Kenya. Hesabu za serikali ziliandikwa kwa pauni, na pauni moja ni shilingi 20. Asiyelijua hilo ataona matumizi yakiruka mara ishirini na kuanza kumsaka fisadi aliyehusika. (Mafisadi tunao wa kutosha, hatuna haja ya kuwabuni.)

Kubaya zaidi ni kwenye uwiano wa deni na pato la taifa, ambao kila mwanasiasa anaukariri. Septemba 2014 mwaka wa kizio wa kukokotolea pato la taifa ulihamishwa kutoka 2001 hadi 2009, na pato hilo likapanda kwa takriban robo. Uwiano wa deni ukashuka bila hata shilingi moja kulipwa. Anayechora mstari wa deni kuupita mwaka huo bila kuugusa anachora porojo. Na ugatuzi je? Tangu 2013 sehemu ya matumizi iko mikononi mwa kaunti 47, kwa hiyo huwezi kulinganisha matumizi ya afya ya wizara mwaka 2010 na 2016 kana kwamba ni kapu moja.

Sisemi hakuna kinachofichwa. Mikataba ya mikopo ya reli ya SGR ilitiwa saini 2014, na wananchi wakaanza kuonyeshwa Novemba 2022. Bili ambazo wakandarasi hawajalipwa nazo haziingii kwenye deni la taifa linalotangazwa, ingawa ni deni kama deni lingine. Lakini usiri wa mkataba mmoja hauwezi kuwa kisingizio cha kutofungua vitabu vya miaka arobaini vilivyo kwenye rafu. Vijana waliosoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu, na kuwaeleza wenzao mitandaoni, hawakusubiri mhadhiri.

Penye ukuta wa kweli, Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku zisizozidi 21 kuamua ombi lake. Ikimpuuza, anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Basi watahini waanze kudai kitu kimoja: anayeandika kwamba alinyimwa takwimu aambatanishe nakala ya barua aliyoomba nayo, yenye mhuri wa kupokelewa.