Maneno ya Nyumbani Yasimfungie Mgeni Mlango

Kila nyumba ina maneno yake ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Kwetu, Mji wa Kale hapa Mombasa, chai ya moto huitwa "tototo". Neno hilo alilitunga ndugu yangu mdogo siku aliyojiunguza ulimi akashindwa kutamka "moto". Leo ana ndevu na watoto wake, lakini akipiga hodi mama humuuliza, "Nikutilie tototo?" Kadhalika marehemu babu yetu alifanya kazi bandarini Kilindini, na alipojinyosha baada ya chakula cha mchana sisi wajukuu tukiambiana, "Nyamazeni, babu amefunga gati." Basi hata leo, anayesinzia kwetu husemwa amefunga gati.

Wako wanaoyadharau maneno kama haya, wakidai kuwa yanaharibu Kiswahili. Mimi sikubaliani nao. Kamusi hukusanya maneno ambayo watu wamekwisha kuyasema, wala haiyazai. Isitoshe, neno la nyumbani ni amana. Kila tusemapo "kufunga gati" babu hukumbukwa, na akikumbukwa huombewa rehema. Ni urithi gani usiogombaniwa kuliko huo?

Hata hivyo, ndugu msomaji, nina onyo moja.

Sisi watu wa pwani tunacho pia kinyume, yaani kuichukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza, maji yakawa "jima" na nyumba ikawa "mbanyu". Mchezo huu si wa jana. Edward Steere aliueleza katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870. Nyumbani kwetu tulikisema kinyume tangu utotoni, tena mbio mbio, asiyekizoea asiambulie kitu.

Kaka yangu alipooa Lamu, bi arusi aliletwa kwetu. Siku ya tatu tuliketi kula, naye kwa haya hakugusa chakula. Shangazi alimwona, akataka kumwarifu mama bila ya kumtahayarisha mwana wa watu. Akasema, "Nimge lahaja." Maana yake, mgeni hajala.

Masikini wifi yangu! Kinyume hakukijua, na alilolisikia yeye ni "lahaja". Akaamini kuwa tunakicheka Kiamu chake. Wiki nzima hakufungua kinywa mbele yetu, na usiku akilia. Kaka naye akatununia, akaanza kutafuta chumba cha kupanga ili wahame. Ndugu walikaribia kutengana kwa sababu ya neno lililosemwa kwa huruma.

Aliyeokoa jahazi ni mama. Alimwita mkwewe jikoni, akamuuliza taratibu kilichomsibu, na alipoambiwa akamfasiria neno lile silabi kwa silabi. Wifi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini mimi sikucheka sana, maana kosa lilikuwa letu.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu wakiwa watatu, wawili wasinong'onezane wakamwacha wa tatu, kwa kuwa jambo hilo humhuzunisha. Naonelea kuwa kusema kinyume mbele ya asiyekijua ni kunong'ona kwa sauti kubwa. Nia yetu ilikuwa njema, lakini yeye angeionaje nia hiyo, ilhali aliyoyasikia ni maneno tu?

Sisemi tuyaache maneno yetu. Nasema tuyagawe. Anayeingia nyumbani kwa ndoa, kwa urafiki au kwa malezi apewe maneno pamoja na kitanda na sahani yake. Wala hatutapungukiwa. Leo wifi yangu anakisema kinyume kutushinda sote, na juzi nilimsikia akimnyamazisha mwanawe mlangoni: "Usipige kelele, bibi amefunga gati." Babu mwenyewe hakuwahi kumwona.