Bei za hospitali mtandaoni: Nani anakagua mizani?

UCHAMBUZI

Mfanyabiashara wa vitunguu anayevuka Namanga, au wa nafaka anayevuka Busia, hanunui kwa mizani asiyoiamini. Huangalia kama ina stika ya mkaguzi wa vipimo, na akiona lumbesa anajua kuwa bei ya gunia haina maana mpaka gunia lenyewe lipimwe. Lakini siku mtoto anapougua, au yeye mwenyewe anapopata ajali safarini, mfanyabiashara huyo huyo huingia hospitali bila kujua gharama. Wapo wanaotoka wakiwa wameacha mtaji wote kwenye dirisha la malipo.

Dawa inayotajwa sana ni uwazi: bei na ubora wa kila hospitali viwekwe kwenye tovuti, na mgonjwa alinganishe kabla ya kwenda. Ni wazo zuri. Marekani imelifanyia kazi kwa takriban miaka 20, na yaliyoikuta yanaonyesha kuwa tovuti ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni mkaguzi.

Serikali ya Marekani ilianzisha tovuti ya kulinganisha ubora wa hospitali mwaka 2005. Mwaka 2008 ikaanza kuzipa nyota nyumba za kutunzia wazee, kuanzia moja hadi tano. Familia nyingi zilichagua kwa kuangalia nyota hizo. Mwaka 2014 gazeti la New York Times lilifichua kuwa sehemu kubwa ya taarifa zilizozaa nyota, ikiwemo idadi ya wauguzi, ilitolewa na nyumba zenyewe, na ukaguzi wake ulikuwa hafifu. Mwenye duka alikuwa akijipimia mwenyewe. Kuanzia 2016 serikali ilizitaka nyumba hizo zipeleke hesabu za wafanyakazi zinazoweza kuthibitishwa kwa orodha za mishahara.

Upande wa bei, kanuni ilianza Januari 1, 2021. Kila hospitali ilitakiwa kuweka bei zake zote mtandaoni, pamoja na orodha rahisi ya huduma 300 ambazo mgonjwa anaweza kuzipanga mapema. Faini ya kukaidi ilikuwa dola 300 kwa siku, fedha ambayo hospitali kubwa haiihisi. Baadhi ziliweka bei, kisha zikaweka alama za kompyuta zilizozuia kurasa hizo zisionekane mtu anapotafuta kwenye Google. Bei ilikuwepo, ila haikuonekana.

Serikali ilipiga marufuku mbinu hiyo, na kuanzia 2022 ikapandisha faini ya hospitali kubwa hadi kufikia dola 5,500 kwa siku. Juni mwaka huo hospitali mbili za jimbo la Georgia zikawa za kwanza kutozwa, kwa jumla ya karibu dola milioni 1.1. Hata hivyo, mwaka 2024 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilisema mamlaka husika bado haina uhakika kama bei zilizowekwa ni kamili na sahihi.

Afrika Mashariki haina tovuti ya namna hiyo inayovuka mipaka. Ina vipande vyake, kila nchi na chake.

Kenya ina orodha ya viwango vya malipo. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, imetangaza inacholipa: kwa mfano, shilingi 10,000 za Kenya kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Lakini hicho ni kiasi ambacho mfuko hulipa hospitali kwa ajili ya mwanachama wake. Kwa Mtanzania au Mganda asiye mwanachama, orodha hiyo haimzuii mwenye hospitali binafsi kutaja bei nyingine.

Tena, malipo hufuata daraja la kituo, na daraja lenyewe lahitaji kukaguliwa. Mwaka 2025 ukaguzi wa Baraza la Madaktari la Kenya (KMPDC) uliishia kwa kufungwa vituo zaidi ya 700 na kushushwa daraja vingine takriban 300. Mgonjwa aliyechagua mojawapo ya vituo hivyo kwa kuamini kibao cha mlangoni hakuwa na njia ya kujua.

Tanzania ina nyota. Katika tathmini ya 2015/16 Wizara ya Afya ilikagua zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya msingi, na takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja. Lilikuwa jambo la ujasiri kwa serikali kujikosoa hadharani, na awamu ya pili ilifuata 2017/18. Lakini nyota bila tarehe ni kama cheti cha mizani kilichokwisha muda. Muuguzi mzuri huhama, na mashine ya eksirei huharibika.

Uganda iliondoa ada katika hospitali za umma mwaka 2001. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge 2021 bila kusainiwa kuwa sheria. Anayekwenda hospitali binafsi hulipa bei aliyoipanga mwenye hospitali.

Mfanyabiashara wa mpakani anaishi katikati ya mifumo hii mitatu. Anaweza kuugua Busia ya Kenya na akatibiwa Busia ya Uganda, kwa kuwa ni hatua chache tu. Ndiye anayehitaji ulinganisho kuliko mtu yeyote, na ndiye anayeumia zaidi ukiwa wa uongo, kwa sababu hana mwanasheria wala jamaa karibu wa kumtetea.

Jumuiya haianzi kutoka sifuri. Ibara ya 118 ya Mkataba wake inazitaka nchi wanachama kushirikiana katika afya. Kwenye biashara, Kenya, Uganda na Tanzania tayari zina tovuti za serikali zinazoeleza hatua na ada za kuvusha mizigo. Utaratibu rahisi wa biashara una orodha ya pamoja ya bidhaa na kikomo cha dola 2,000, na mwenye mzigo anajua aende kwa nani akitozwa kisichostahili. Huduma chache za afya, kama kujifungua, malaria, vipimo vya damu na mfupa uliovunjika, zinaweza kuwekwa katika orodha ya namna hiyo kwa miji ya mipakani.

Ila masharti manne yatangulie. Bei iwe ya jumla, ikitaja kama dawa na kitanda vimo. Nyota ziwe na tarehe. Mkaguzi asiyelipwa na hospitali alinganishe risiti halisi za wagonjwa na bei iliyotangazwa, na faini iwe kubwa kuliko faida ya kudanganya. Nne, tovuti binafsi inayopokea matangazo ya hospitali ilazimishwe kusema hivyo ukurasa wa kwanza.

Vyama vya wafanyabiashara vina nafasi ya kuyadai haya katika vikao vya mipakani, ambako mazungumzo huishia kwenye ushuru na foleni za malori. Wakati huo, yapo ya kufanya bila kungoja serikali: kuuliza bei ya jumla kabla ya kulazwa pale hali inaporuhusu, kuangalia kama kituo kimesajiliwa na daraja lake ni lipi, na kudai risiti yenye mchanganuo wa kila kitu. Risiti hizo ndizo ushahidi ambao mkaguzi atauhitaji siku atakapofika.