Wenye Hela Walishaliona, Anayekosa Ni Mimi na Wewe

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, ila kaumbea kadogo kapo, tulieni.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, juzi kati katupia mtandaoni picha yake ya zamani akiwa Forodhani, Zanzibar. Miwani, shati la maua, pozi la mtu ambaye hadaiwi kodi ya nyumba. Sasa watu badala ya kumwangalia yeye wakawa wanaangalia nyuma yake, kwa sababu nyuma lilionekana Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu lenyewe, likiwa zima na mnara wake wa saa. Dada mmoja akaandika kwamba anatamani sana siku moja apande mpaka juu. Loh! Alichokipata. "Wewe wa mkoa gani? Hilo lilishaanguka zamani." "Ushamba mzigo." "Unatamani marehemu?" Kicheko kila kona.

Mimi sikucheka. Na leo nataka niseme wazi: kutamani jengo ambalo halipo tena sio ushamba. Anayetamani ni mtu ambaye zamu yake haikufika. Na kama kuna watu wanalijua hilo vizuri, ni sisi wa huku mikoani.

Kwanza kwa wale ambao hawalijui vizuri, tuelezane kidogo. Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said kwa ajili ya sherehe zake na kupokea wageni. Kwa macho ya leo utaliona fupi, lakini enzi hizo Zanzibar nzima hakukuwa na jengo lililolizidi urefu. Nguzo za chuma, roshani pana zinazolizunguka, milango mikubwa ya nakshi. Lilikuwa na taa za umeme wakati sehemu kubwa ya Afrika Mashariki watu walikuwa hawajui hata umeme unafananaje, na husemwa kwamba ndo jengo la kwanza ukanda huu kuwa na lifti. Hebu fikiria, lifti! Mimi hapa Singida nina rafiki zangu watu wazima wenye watoto ambao hawajawahi kupanda lifti mpaka leo.

Ndo maana watu waliliita la maajabu. Walichokiona pale hawakuwahi kukiona popote.

Tena lilipitia vita. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga makombora eneo la kasri pale mbele ya bahari, ile vita inayosemwa kuwa fupi kuliko zote duniani, haikufika hata saa moja. Jumba la jirani, Beit al-Hukm, liliharibiwa vibaya. Mnara uliokuwa umesimama mbele nao ukaishia hapo. Beit al-Ajaib likabaki limesimama, na baada ya vita ndo likawekewa mnara wa saa ule tunaoujua kwenye picha. Baadaye likawa ofisi za serikali ya kikoloni, yakaja Mapinduzi, na miaka ya karibuni likawa makumbusho. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Halafu mwaka 2012 sehemu ya jengo ikadondoka. Likafungwa, wageni wakawa hawaingii. Tarehe 25 Desemba 2020, sikukuu ya Krismasi, likiwa kwenye matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman, upande mkubwa wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa. Mafundi wawili wakafariki. Mungu awapumzishe.

Hesabu mwenyewe. Kutoka 2012 hadi 2020 ni miaka minane. Jengo lililobaki limesimama baada ya mizinga ya manowari limeanguka wakati wa amani, baada ya kuwa limeshatuonyesha kwamba linaumwa. Kwangu mimi hapo ndo panapouma.

Najua kuna mtu atasema, "Acha hizo, hata Marekani majengo yanaanguka." Sawa, twende Marekani. Wengi wetu tuliozaliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini tumeyajua yale maghorofa pacha ya New York kwenye filamu za zamani. Unaangalia filamu, kamera inapita juu ya jiji, unayaona yale mawili, unajua kabisa hayapo. Yalizinduliwa mwaka 1973, kila moja ghorofa 110, urefu unaozidi mita 400. Lile la kusini lilikuwa na sehemu ya watalii kupanda na kuangalia jiji, la kaskazini lilikuwa na mgahawa ghorofa za 106 na 107. Tarehe 11 Septemba 2001 yote mawili yakaanguka kwa shambulio la kigaidi na maelfu ya watu wakafa. Mimi huwa naangalia picha za watu wa kawaida tu, baba kashika mkono wa mtoto, wamesimama kule juu upepo unawapiga, wanacheka. Natamani ningesimama pale dakika tano. Nani atanicheka kwa hilo? Hakuna. Ukiitamani New York iliyopotea unaonekana mtu wa dunia. Ukiitamani Zanzibar iliyopotea unaulizwa mkoa!

Na New York kuna jengo lingine watu hawalitaji sana, Singer Building. Lilipomalizika mwaka 1908 ndo lilikuwa refu kuliko yote duniani, mita 187. Kuanzia 1967 likavunjwa makusudi ili lijengwe jengo kubwa zaidi. Halikuwa na bahati ya kufika umri wa kuitwa urithi.

Kwa hiyo kuna majengo yanayoangushwa na adui na mengine yanavunjwa na mwenye nalo mwenyewe akitafuta faida. Sisi tuna aina yetu: yanakufa taratibu tunayaangalia. Tunapita mbele yake, tunapiga selfii, tunaweka maneno ya mahaba, tunaondoka.

Sasa nije kwenye hoja yangu yenyewe.

Jengo la namna ile likianguka, nani anakosa? Mtalii kutoka Ulaya alishaliona. Yule staa wetu alishaliona, na picha anayo. Waheshimiwa walishaingia na kutoka mara kibao. Anayekosa ni yule kijana wa Kiomboi, wa Manyoni, wa Ikungi, wa Singida mjini, ambaye alikuwa anadunduliza. Kwetu kwenda Zanzibar sio kuamka asubuhi ukaamua. Kutoka Singida mpaka Dar ni kama kilomita 700. Zamani ilikuwa basi tu, siku nzima umekaa. Sasa hivi afadhali, unaweza kupanda basi mpaka Dodoma halafu ukadaka treni ya umeme, ilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Ukifika Dar kuna boti, kama masaa mawili baharini. Nauli, chakula, pa kulala, na nyumbani wanasubiri hela ya mbolea. Mtu anayeuza vitunguu au mashudu ya alizeti anaweza kupanga safari hiyo miaka mitano. Sasa akiwa mwaka wa nne wa kudunduliza, anasikia kwenye redio jengo limeanguka.

Ndo maana nasema wanaochelewa kufika ndo wanaopoteza zaidi pale kitu kisipotunzwa. Kutunza majengo ya zamani watu wanadhani ni mambo ya wazungu na wazee wa makumbusho. Mimi naona ni haki ya mtu asiye na nauli kwa sasa. Ukilitunza jengo, unamtunzia yeye nafasi yake.

Na hata huku kwetu tunajua kutamani kisichokuwepo. Bibi yangu amezaliwa kwenye tembe, ile nyumba ya paa bapa la udongo, ndefu, ukoo mzima ndani pamoja na mifugo. Miaka ya sabini watu walipohamishiwa vijijini, matembe mengi yakaachwa yakabomoka. Mimi sijawahi kulala kwenye tembe kubwa la ukoo hata usiku mmoja, lakini bibi akianza kueleza joto la mle ndani kipindi kile cha upepo baridi wa mwezi wa sita, naitamani ile nyumba kama niliyoishi mimi. Sio ghorofa, halina lifti, lakini hamu ni ile ile.

Kuna watu watasema mbona Dar imejaa maghorofa mapya, nendeni mkaangalie hayo. Ni kweli, mazuri yapo, yana vioo mpaka unaona mawingu. Lakini nayo yanataka uangalizi. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, watu 36 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo Kariakoo, watu zaidi ya 25 wakapoteza maisha, wafanyabiashara na wateja waliokuwa kwenye hangaika zao za siku. Hayo hakuna anayeyatamani, tunayalilia tu. Lakini ugonjwa ni mmoja: tunapenda jengo siku ya kulizindua, baada ya hapo hakuna anayeuliza nguzo zinaendeleaje.

Haya, tufanyeje? Mimi sio mhandisi, nimeishia kidato cha nne, lakini macho ninayo.

La kwanza, mastaa wetu. Mnapiga picha mbele ya majengo haya kila wiki kwa sababu yanawapendezesha. Mna wafuasi mamilioni. Siku mkiona ufa, piga picha na huo ufa. Kiki ya namna hiyo hatutawalaumu. Mmoja wenu alinunua gari akaweka video sita, hashindwi kuweka moja ya ukuta unaobomoka.

La pili, wenye mamlaka. Zanzibar walisema Beit al-Ajaib litajengwa upya, na mimi naomba likamilike. Najua kuna wanaosema likijengwa upya sio lenyewe. Mimi nawaambia mtu ambaye hakuliona la kwanza hana anasa ya kuchagua hivyo. Likirudi nitaenda, nitapanda, nitaangalia bahari. Ila msisubiri lingine lidondoke ndo mtafute wafadhili.

La tatu, sisi wenyewe. Usisubiri safari kubwa. Hapa hapa mkoani, kule Mkalama na Kilimatinde, kuna mabaki ya enzi za Mjerumani. Wangapi wetu tumeenda? Ukiwa Dar, kabla ya kukimbilia Mlimani City, pita Old Boma pale karibu na bandari, lipo tangu miaka ya 1860, kuta za mawe ya matumbawe, na bado limesimama. Ukienda piga picha ya mlango, ya dari, ya ngazi, sio uso wako peke yake. Andika tarehe. Muulize mlinzi anayeijua historia yake. Picha yako ya kawaida kabisa inaweza kuja kuwa ndo ushahidi uliobaki, kama ilivyotokea kwa yule staa bila hata yeye kujua.

Na yule dada aliyechekwa, kama unasoma hapa: hujakosea kitu. Endelea kudunduliza. Pale pale Forodhani Ngome Kongwe bado ipo, imesimama kabla hata ya Beit al-Ajaib kuwazwa, na kuingia utaingia. Nenda kabla hawajakuambia nayo ilishaanguka zamani.

Haya wadau, uwanja wenu. Ni jengo gani ambalo halipo tena ungelipanda leo kama ungepewa saa moja tu? Na ni lipi mtaani kwenu bado limesimama lakini unaliona kabisa halifiki mbali? Tiririkeni hapo chini, taja mkoa wako bila aibu. Povu ruksa, matusi nafuta.